Akiba haiozi? Historia fupi ya nakala zinazokufa tukipandisha toleo

Leo siandiki kuhusu programu mpya wala simu mpya. Naandika historia, na naanza na aibu yangu mwenyewe.

Kuna mama mmoja mhasibu ambaye ana ofisi ndogo mjini Nakuru, yenye kompyuta nne. Huwaandalia wenye maduka na wenye matatu hesabu zao za kodi. Mimi ndiye fundi wake. Kwenye kona ya ofisi, juu ya kabati la faili, kuna sanduku dogo jeusi lenye diski mbili, limeunganishwa na ruta kwa waya. Kila usiku kompyuta zote zilitakiwa kupeleka huko nakala za akiba, yaani bekapu, kama wengi wetu tunavyosema. Oktoba moja nilipandisha toleo la mfumo endeshi kwenye kompyuta zote nne. Kazi ilichukua Jumamosi nzima. Kila kitu kikawaka, printa ikachapisha, barua pepe zikafunguka, nikalipwa, nikaenda zangu.

Juni iliyofuata, siku sita kabla ya tarehe 30, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi ya mapato hapa Kenya, stima ilipotea na kurudi mara tatu mfululizo. Diski ya kompyuta yake mwenyewe ikafa. Akanipigia simu, sauti imetulia kabisa. "Kijana wangu, sina wasiwasi. Si lile sanduku lina kila kitu?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, nakuja sasa hivi."

Nilipofika, taa ya kijani ya sanduku ilikuwa ikipepesa kama kawaida. Nikafungua folda. Nakala ya mwisho ilikuwa ya ile Ijumaa ya Oktoba, usiku wa kuamkia Jumamosi yangu. Baada ya hapo hakuna kitu. Miezi minane!

Wahenga walisema akiba haiozi. Nakubali, kwa mahindi makavu na kwa pesa. Lakini akiba ya kompyuta iliyowekwa kupitia mtandao huoza, na mara nyingi huoza siku moja inayojulikana, yaani siku ya kupandisha toleo. Nilipoanza kuchimba nikagundua kwamba mambo haya yana historia ndefu, na kwamba karibu kila mara aliyevunja bekapu alikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Hilo ndilo lililonishangaza zaidi, na ndilo ninalotaka tulitazame.

Sanduku ni mwaka uliogandishwa

Kwanza tuelewane juu ya lile sanduku. Linaitwa NAS, na ndani yake si muujiza. Ni kompyuta ndogo, mara nyingi inayoendeshwa na Linux, yenye diski na waya wa mtandao. Ili kompyuta yako iweke faili humo, lazima mashine hizi mbili ziongee lugha moja. Lugha hizo huitwa itifaki, na kwa miaka mingi kubwa zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni SMB. Ilizaliwa IBM mapema katika miaka ya 1980, kwa mkono wa Barry Feigenbaum, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza hadi ikawa lugha ya Windows. Ya pili ni AFP ya Apple, iliyokuja katika miaka hiyohiyo ya 1980 pamoja na kompyuta za Macintosh.

Linux nayo ilijifunzaje lugha hizi? Kwa SMB, kazi ilianzwa na Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamifu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra. Alitazama mashine zikizungumza kwenye waya, akaandika programu inayoweza kujibu vilevile, na Januari 1992 akaitoa bure. Baadaye jina alilokuwa amelitumia likawa na mwenyewe, hivyo akaiambia kompyuta imtafutie kwenye kamusi maneno yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Ndipo jina Samba likapatikana. Kwa upande wa AFP kulikuwa na Netatalk, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Basi watengenezaji wa masanduku ya bei nafuu walichukua Linux, wakaongeza Samba na Netatalk, wakafunga skrubu, wakauza. Hapo ndipo mzizi wa taabu yetu. Kompyuta ya mezani husasishwa kila mwezi, lakini sanduku hubaki na Samba ya mwaka lilipotengenezwa, kwa sababu hakuna mtu anayekumbuka kulisasisha. Na baada ya miaka michache mtengenezaji mwenyewe huacha kutoa matoleo mapya. Ukilitazama sanduku lako pale kabatini, unatazama mwaka uliogandishwa.

2007: neno la siri ni sahihi, lakini limekataliwa

Mwanzoni mwa 2007 Microsoft ilitoa Windows Vista kwa umma. Watu waliopandisha toleo kutoka XP walikutana na jambo la kustaajabisha. Sanduku lilionekana kwenye mtandao, jina la mtumiaji lilikuwa sahihi na neno la siri lilikuwa sahihi, lakini kila walipoliandika waliambiwa si sahihi. Wengi walibadilisha neno la siri mara tano, mara kumi. Wapi!

Kilichokuwa kimebadilika ni namna neno la siri linavyothibitishwa. Njia ya kale iliyoitwa LM ilikuwa dhaifu kupita kiasi. Iligeuza herufi zote kuwa kubwa, kisha ikalikata neno la siri vipande viwili vya herufi saba saba na kushughulikia kila kipande peke yake. Mwizi hakuhitaji kukisia herufi kumi na nne, alihitaji kukisia saba, mara mbili. Vista ikaamua kutuma jibu la aina mpya tu, NTLMv2. Masanduku yenye Samba ya zamani hayakulielewa jibu hilo.

Dawa iliyozunguka mitandaoni ilikuwa kubadilisha thamani moja kwenye rejista ya Windows, iitwayo LmCompatibilityLevel, ili Vista ikubali tena lugha ya zamani. Ilifanya kazi. Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji, tulichokifanya pale. Ili bekapu irudi, tulifungua upya mlango uliokuwa umefungwa kwa sababu ya wezi. Kumbuka jambo hilo, litarudi.

2007 hadi 2011: mashine ya muda na pesa zilizotumwa mara mbili

Tarehe 26 Oktoba 2007 Apple ilitoa Mac OS X Leopard, na ndani yake Time Machine. Naamini hii ndiyo programu iliyowafanya watu wa kawaida wapende bekapu. Uliunganisha diski, ukakubali swali moja, ukasahau. Kila saa ilihifadhi kilichobadilika, na ungeweza kurudi nyuma hadi wiki iliyopita kama mtu anayefunua kurasa za kalenda. Mapema 2008 ikafuata Time Capsule, ruta yenye diski ndani yake, ya gigabaiti 500 au terabaiti 1.

Kwenye mtandao, Time Machine haikuweka faili zako moja moja. Ilitengeneza taswira ya diski, yaani diski nzima ya kujifanya, iliyokatwa vipande vya megabaiti 8 kila kimoja. Ndani ya vipande hivyo vyote kulikuwa na mfumo mmoja wa faili. Uzuri wake ni kwamba sanduku la aina yoyote lingeweza kubeba vipande hivyo. Ubaya wake ni kwamba kipande kimoja kikiandikwa vibaya, kinaweza kuharibu nyumba nzima. Ndiyo maana watumiaji walianza kupata ujumbe kwamba, ili kuboresha uaminifu, Time Machine lazima ianze bekapu upya. Kwa Kiswahili cha mtaani maana yake ni kwamba historia yako yote imefutwa, pole.

Apple ilijua hatari hii, na Leopard haikuonyesha masanduku ya makampuni mengine kama mahali pa kuweka bekapu. Lakini watu waligundua amri moja ya kuandika kwenye terminali iliyolazimisha diski hizo zionekane. Ikasambaa kama moto wa nyika. Watengenezaji wa masanduku nao wakaanza kutangaza kwamba bidhaa zao zinaelewana na Time Machine.

Tarehe 20 Julai 2011 ikatoka Mac OS X Lion, na siku hiyohiyo bekapu za masanduku mengi zikasimama. Kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, njia moja ya zamani ya kuthibitisha neno la siri katika AFP ilizimwa. Ya pili ndiyo ya kuvutia. Lion ilidai kwamba sanduku liwe na kumbukumbu ya majibu yake ya karibuni, na bila hiyo Time Machine ilikataa kabisa.

Kumbukumbu hiyo ni ya nini? Fikiria unatuma pesa kwa simu. Umebonyeza, mtandao ukakatika kabla ujumbe wa kuthibitisha haujafika. Je, pesa zimekwenda au hazijakwenda? Ukituma tena, labda utalipa mara mbili. Usipotuma, labda deni bado lipo. Kompyuta hupatwa na hali hiyohiyo. Imeambia sanduku "badilisha jina la kipande hiki", Wi-Fi ikakatika kabla ya jibu, muunganisho ukarudi. Ikirudia amri, sanduku litasema halioni kipande chenye jina la zamani, kwa sababu tayari limekibadilisha. Suluhisho ni sanduku kuweka daftari la amri za mwisho na majibu yake. Amri yenye namba ileile ikija tena, sanduku halifanyi kazi upya, linasoma jibu la kwanza na kulirudisha. Kwa njia hii taswira ya diski haiharibiki kila mtu anapofunga laptopu katikati ya bekapu.

Kwa hiyo Lion ilivunja bekapu ili kuziokoa. Netatalk toleo 2.2 lilileta uwezo huo mwaka huohuo wa 2011, na watengenezaji wakaanza kutoa programu mpya za masanduku yao. Aliyekuwa na sanduku jipya alisubiri kidogo akapona. Aliyekuwa na sanduku lililotelekezwa na mtengenezaji wake alibaki na nakala za zamani tu.

Lugha inapokufa

Baada ya hapo Apple yenyewe ilianza kuihama lugha yake, hatua kwa hatua. Mwaka 2013 Mavericks ilifanya SMB kuwa chaguo la kwanza la kushirikiana faili. Mwaka 2016 Sierra iliruhusu Time Machine kupitia SMB. Mwaka 2017 High Sierra ilileta mfumo mpya wa faili, APFS, ambao AFP haiwezi kuushiriki. Machi 2018 Samba 4.8 ikapata uwezo wa kupokea bekapu za Time Machine, na mwezi uliofuata Apple ikatangaza mwisho wa ruta zake, Time Capsule ikiwemo. Mwaka 2020 Mac yenye Big Sur haikuweza tena kuwa seva ya AFP. Na mwaka 2025, katika toleo la Sequoia 15.5, Apple iliandika kwamba hata uwezo wa Mac kuunganishwa na seva za AFP umepitwa na wakati na utaondolewa katika toleo la baadaye.

Miaka kumi na miwili ya maonyo, kwa mtu anayesoma maelezo ya matoleo. Lakini ni nani anayeyasoma? Daktari mwenye Time Capsule nyuma ya dawati lake hayasomi. Yeye ataona siku ambayo haitafunguka.

2017: mwaka ambao mlango wa kale uliingiza moto

Turudi upande wa Windows, kwa maana huko ndiko ofisi nyingi za hapa kwetu ziliko. Toleo la kwanza la SMB lilikuwa limeishi kwa karibu miaka 30. Matoleo bora yalikuwepo tangu Vista, lakini la kwanza liliachwa likiwa limewashwa ili mashine za zamani zisiachwe nyuma. Septemba 2016 Ned Pyle wa Microsoft, aliyesimamia itifaki hiyo, aliandika hadharani akiwasihi watu waache kulitumia.

Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha shimo kubwa ndani yake. Aprili, kundi lililojiita Shadow Brokers likamwaga hadharani zana ya kulitumia shimo hilo, inayojulikana kama EternalBlue. Tarehe 12 Mei 2017 ikaja WannaCry. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilifungiwa faili zao na kudaiwa fidia. Hospitali nchini Uingereza ziliahirisha matibabu. Na kabla mwezi haujaisha, Samba nayo ikatangaza shimo lake, lililokuwa ndani yake tangu toleo 3.5.0 la mwaka 2010, yaani ndani ya masanduku yaleyale ya bekapu.

Sasa unaelewa kwa nini toleo la Windows 10 la Oktoba 2017 lilianza kuiondoa SMB ya kwanza. Namna ilivyoondolewa kwenye matoleo ya Home na Pro ni somo tosha. Haikuondolewa papo hapo. Mfumo ulihesabu siku, na kama sehemu hiyo haikutumika kwa siku 15 kompyuta ikiwa imewashwa, ilijiondoa yenyewe. Kwa anayefanya bekapu kila usiku, haikuguswa. Lakini kwa anayefanya bekapu mara moja kwa mwezi? Alipandisha toleo, akajaribu siku hiyo, ikafanya kazi, akaridhika. Mwezi uliofuata sanduku halikuonekana tena, na yeye hakukumbuka hata kidogo kwamba aliwahi kupandisha toleo. Fundi aliyeitwa akaanza kubadilisha waya.

Na kulikuwa na fundi wa aina nyingine, ambaye alijua kilichotokea na akairudisha SMB ya kwanza kwa kubofya kisanduku kimoja kwenye orodha ya vipengele vya Windows. Bekapu ikarudi, mteja akafurahi. Lakini mlango wa WannaCry nao ukarudi, katika ofisi ambayo nakala zake zote ziko upande wa pili wa mlango huohuo.

Ukimya ndio adui

Mnaweza kusema, haya ni ya ofisi ndogo, makampuni makubwa yana wataalamu. Sawa, tusome ya GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa waandaaji programu duniani kote. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wake mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva iliyo hai akidhani yuko kwenye ile ya pili. Gigabaiti zipatazo 300 zikaondoka.

Wakaenda kwenye bekapu za kila siku, zilizopelekwa kwenye hifadhi ya mbali. Zilikuwa tupu. Hifadhidata ilikuwa PostgreSQL toleo 9.6, lakini zana ya kunakili iliyokuwa ikiendeshwa ilikuwa ya toleo 9.2. Matoleo hayakulingana, zana ikagoma kila siku. Je, haikulalamika? Ililalamika! Ilituma barua pepe za hitilafu, lakini barua hizo hazikuwa zimetiwa sahihi iliyotakiwa, kwa hiyo seva ya barua ikazikataa. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa ajili ya majaribio yake mwenyewe. Kampuni ilisimulia yote hadharani bila kujificha, na nawaheshimu kwa hilo.

Hapa hakukuwa na Windows wala Mac, na kilichopanda toleo kilikuwa hifadhidata, lakini ugonjwa ni uleule. Upande mmoja umesonga mbele, mwingine umebaki, na kilio cha aliyebaki hakimfikii mtu.

2024: sahihi na mgeni

Tarehe 1 Oktoba 2024 ilitoka Windows 11 toleo 24H2. Katika toleo la Pro mambo mawili yalibadilika. Kwanza, kila ujumbe wa SMB sharti utiwe sahihi, ili mtu aliyejipenyeza katikati ya mtandao asiweze kuubadilisha. Pili, kompyuta haikubali tena kuingia kwenye folda ya mtandao kama mgeni asiye na neno la siri.

Mambo haya mawili ni mapacha. Sahihi hukokotolewa kwa ufunguo, na ufunguo huo hutokana na neno la siri. Mgeni hana neno la siri, kwa hiyo hana ufunguo, kwa hiyo hawezi kutia sahihi. Masanduku mengi ya nyumbani na ya ofisi ndogo yalikuwa yamewekwa kwa njia ya mgeni kwa sababu ndiyo rahisi. Microsoft yenyewe ilionya mapema kwamba masanduku mengine yatagoma, na ikaeleza makosa yatakayoonekana. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ukaisha, na watu wengi wakahama.

Unaona mfululizo? Mwaka 2007 sababu ilikuwa neno la siri dhaifu. Mwaka 2011, taswira zinazoharibika. Mwaka 2017, WannaCry. Mwaka 2024, wapenyezi na wageni. Kila mara mabadiliko yalikuwa ya haki, na kila mara aliyelipa gharama ni mwenye sanduku la kale ambaye hakuna aliyemwambia.

Ukifika mbele ya sanduku

Basi historia hii imenipa utaratibu wa kutafuta tatizo, na ninaufuata kwa mpangilio wake bila kuruka.

Kwanza, je, mashine zinaonana? Jaribu kwa anwani ya namba ya sanduku, si kwa jina lake. Mara nyingi jina ndilo lililopotea, kwa sababu orodha ya zamani ya "Mtandao" katika Windows ilitegemea SMB ya kwanza. Sanduku lenyewe liko palepale.

Pili, je, zinaongea lugha moja? Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa sanduku, tazama matoleo ya SMB yaliyowashwa. Washa la 2 na la 3, zima la 1. Kama ni Mac, hamisha bekapu kutoka AFP kwenda SMB. Kama sanduku lina la 1 peke yake, tafuta programu mpya ya mtengenezaji. Kama haipo, sanduku hilo limestaafu. Usiilazimishe kompyuta irudi ujanani kwa ajili yake.

Tatu, je, unajulikana? Fungua akaunti yenye jina na neno la siri kwenye sanduku, ya bekapu peke yake. Futa neno la siri la zamani lililohifadhiwa kwenye kompyuta, uandike jipya.

Nne, soma logi za pande zote mbili, kompyuta na sanduku. Upande mmoja hukwambia tu kwamba imeshindikana, mwingine hukwambia kwa nini.

Tano, na hii ndiyo niliyoikosa mimi: rudisha faili. Usitazame taa ya kijani, usitazame alama ya tiki. Chukua faili moja ya jana kutoka kwenye sanduku, uiweke kwenye kompyuta nyingine, uifungue, uisome. Fanya hivyo siku ya kupandisha toleo, fanya tena baada ya mwezi mmoja. Wale wa siku 15 za mwaka 2017 wametufundisha kwamba jaribio la siku ya kwanza halitoshi. Na kabla ya kupandisha toleo, piga nakala moja kwenye diski ya nje, uichomoe, uiweke kabatini. Diski iliyochomolewa haihitaji lugha ya mtu.

Ilikuwaje Nakuru?

Mtaniuliza yule mama alifanyaje. Kosa lilikuwa langu. Nilipoweka lile sanduku miaka iliyopita niliruhusu kila kompyuta iingie kama mgeni, kwa uvivu, na baada ya ile Jumamosi sikurudi kutazama. Tulikaa usiku nne mfululizo, mimi, yeye na binti yake, tukiandika upya miezi minane kutoka kwenye risiti za karatasi, taarifa za benki na taarifa za M-Pesa za wateja. Ritani za mwisho ziliingia tarehe 30 saa tano usiku. Lakini kuna vitabu vya wateja wawili ambavyo havikukamilika, na sheria yetu ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Mmoja wa wateja hao alihama. Sikumdai mama pesa ya kazi ile, naye hakunilaumu hata mara moja, jambo lililoniuma zaidi.

Siku hizi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi ananitumia ujumbe mfupi: "Kijana, nimefungua faili ya Ijumaa. Iko." Hakuna ripoti ya programu yoyote ninayoiamini kuliko hiyo.

Wewe je, ya kwako uliifungua lini? Haya, kwaherini kwa leo, na tukutane tena hapahapa.